Siku ya Kiti

Siku ya mtihani wa mazungumzo, Mwalimu alifika kabla mlinzi hajafungua geti, wakati jua lenyewe bado linatafuta viatu vyake. Mtihani haukuwa wake, ulikuwa wa wanafunzi wake. Lakini alikuja kana kwamba yeye ndiye atakayeitwa ndani, maana alikuwa na neno ambalo alishalibeba miezi saba bila kupata pa kulitua.

Neno lenyewe lilikuwa fupi: Siku ya Kiti haipo.

Ili lieleweke, turudi kwanza siku ile Mkaguzi alipokuja darasani.

Darasa lilikuwa chumba kimoja juu ya karakana ya mafundi cherehani. Mashine za chini zikianza kazi, sakafu ilitetemeka hadi chaki iliyowekwa mezani ikatembea yenyewe mpaka ukingoni na kujirusha. Kituo kilikuwa na ubao, meza moja na viti vinne ambavyo kwa jumla vilikuwa na miguu kumi na miwili. Wanafunzi walikuwa kumi na tisa, watu wazima watupu, na kila mmoja alikuja na cha kukalia kutoka kwake. Wengine walileta ndoo wakazifudikiza. Dereva wa lori aliyeitwa Breki, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akiigusa, alikalia tairi. Na mama mmoja mtu mzima, aliyefua nguo za hospitali kwa miaka thelathini na mmoja, alikuja na stuli ya mbao aliyoibeba ubavuni kama mtoto mchanga. Alikuja nayo na kuondoka nayo, mvua inyeshe, jua liwake. Wakamwita Mama Stuli, naye akaitika.

Mama Stuli hakutafuta Kiingereza cha kujipamba. Binti yake, mtoto wa pekee, alikuwa ameolewa mbali, kwa watu wanaozaliwa nacho. Mume alimtoka mapema, akabaki na watoto wawili na moyo mbovu. Madaktari walitaka kumpasua, lakini yeye akawa anasogeza tarehe, kwani watoto angemwachia nani? Barua ya kumruhusu bibi aende ilikwishatoka, ila ilikuja na sharti: afaulu mtihani wa mazungumzo ya Kiingereza, na afaulu kabla barua haijaisha muda wake. Wajukuu hawakujua neno moja la bibi yao, wala yeye la kwao. Kwenye simu walitamka salamu moja, kisha ungesikia simu inatupwa kwenye kochi kama kaa la moto.

Kichwa cha Mama Stuli kilikuwa na maajabu yake. Kuelewa kulimtoa jasho, lakini kukariri alikuwa hana mpinzani. Hospitalini alijua kwa kichwa alama za shuka za wodi zote, na akikuambia shuka fulani ilitobolewa na sigara ya daktari gani, usibishane naye. Basi na Kiingereza alikikariri vivyo hivyo, sentensi nzima nzima, akiziandika upande wa ndani wa maboksi ya sabuni. Ukimuuliza swali lililomo kwenye boksi, alijibu kama redio. Ukiligeuza swali kidogo tu, alikutazama kama mtu aliyeingiliwa bafuni.

Siku hiyo basi Mkaguzi akaja, mtu mrefu mwenye kalamu tatu mfukoni, mbili hazina wino. Alikuja na habari za mtaala mpya. Lugha isifundishwe kavukavu, alisema. Ifundishwe pamoja na utamaduni wa wenyewe, sikukuu zao, wanafanya nini na wanasema nini siku hizo. Akapishwa ndoo, akaketi nyuma, akataka somo lianze hapo hapo.

Mwalimu akafungua kitabu cha kituo kwenye sura ya sikukuu. Sura haikuwepo. Ilibaki mishono tu, kama kinywa cha kizee. Mafundi wa chini walikuwa na mazoea ya kuazima kitabu kile, na kilikuwa kinarudi kimepungua. Akajikaza kisabuni, akaanza kwa kichwa. Alipotaja sikukuu ya kwanza Mkaguzi akamkatiza: hiyo hata kuku wa jirani anaijua. Alipotaja ya pili akaambiwa imeshasikika vituo kumi na vinne mwezi huu, masikio yamechoka. Mkaguzi alitaka kitu ambacho vituo vingine hawana. Akaongeza, huku akitazama dari, kwamba kuna vijana wengi wanaongojea ubao kama huu.

Mwalimu Kiingereza chake alijifundisha mwenyewe, kwa redio ya betri na sanduku la vitabu lililoachwa na mpangaji aliyehama. Mbali kabisa alikowahi kufika ni kituo cha mwisho cha basi, na huko alifikishwa na usingizi. Aliona ubao unateleza mikononi. Jicho lake likatua kwenye stuli ya Mama Stuli.

"Kuna Siku ya Kiti," alisema.

Na ulimi ukishachomoka, nani wa kuukamata. Siku hiyo, aliwaambia, kila nyumba hutoa kiti nje ya mlango, kiti kizuri kuliko vyote, kikatandikwa kitambaa kisafi, na kando yake kikombe cha maji ya moto. Kiti ni cha yule wa nyumba ile asiyekuwepo, aliye safarini, aliye kazini mbali, hata aliyenuna akahama. Mpita njia yeyote anaruhusiwa kukalia. Akikaa, wenye nyumba humwita kwa jina la huyo asiyekuwepo, naye hudaiwa habari moja tu ya njiani kabla hajainuka. Akawapa na sentensi za Kiingereza za kumkaribisha mgeni, za kumuuliza habari na za kumshukuru. Ubao ukajaa hadi kwenye fremu.

Mashine za chini zilikuwa zimenyamaza, au ndivyo alivyosikia. Breki peke yake ndiye aliyeinua mkono. Alitaka kujua kiti hicho kinaingizwa ndani saa ngapi, maana mtaani kwake kiti kikikaa nje nusu saa kinapata mwenyewe mpya. Watu wakaangua kicheko, na Mkaguzi akamwambia aulize maswali ya maana.

Mwalimu alimgeukia Mkaguzi, akiwa tayari kuumbuka. Mkaguzi akakohoa. Akasema naam, hiyo ni sikukuu nzuri sana, yeye mwenyewe amewahi kuiona kwa macho yake. Akaiandika kwenye daftari kwa ile kalamu moja yenye wino. Kwa hiyo wakawa wawili.

Mwalimu bado angeweza kujirudi, hata jioni ile. Kilichomfunga ni Mama Stuli, aliyengoja wenzake washuke ngazi, akamwendea na stuli yake ubavuni.

"Mwalimu, kwa hiyo mwanangu naye huwa ananitolea kiti?"

Mwalimu akatazama macho yale, mekundu kwa sabuni ya miaka thelathini na mmoja, akajibu, "Bila shaka, mama."

"Hajawahi kuniambia."

"Si jambo la kusema."

"Kweli," Mama Stuli alisema. "Nami simuulizi. Mtu akikutendea kwa siri, hupekui."

Tangu hapo Mama Stuli akawa mtu mwingine. Maboksi yote mengine ya sabuni aliyaweka kando. Siku ya Kiti aliijaza sentensi arobaini na mbili, akaikariri akifua, akiosha vyombo, akipanga foleni ya maji. Mtihani ule haukukosa swali la sikukuu, yeye alikuwa na lake, na lilikuwa linamwezesha kumtaja mwanawe kila baada ya sentensi tatu. Majirani walisema hata akikoroma alikoroma kwa Kiingereza.

Mwalimu alijaribu kumwambia. Mara ya kwanza alimkuta ametoka kuzungumza na binti kwenye simu, na daktari amesema muda ni mfupi. Akaghairi. Mara ya pili alimfundisha sikukuu nyingine, ya kweli, akitumaini ataibadilisha mwenyewe; Mama Stuli akaikariri sentensi nne, zikagongana na zile arobaini na mbili, akaduwaa siku mbili asiweze hata kusalimia. Mara ya tatu alimwandikia barua, akaipachika kwenye daftari lake, akaichomoa kabla mama hajageuka. Wakati huo Mkaguzi alikuwa anazunguka vituoni akiisifu Siku ya Kiti kama yeye ndiye aliyekichonga kile kiti. Kila wiki uongo ulikuwa unaota mguu mpya, na kila wiki Mwalimu alikuwa anapungua kilo.

Hivyo ndivyo asubuhi ile ilivyomkuta kwenye korido ya jengo la mitihani, juu ya benchi refu, akikunja na kukunjua leso. Alishapata habari mbaya zaidi. Safari hii mtahini hakuwa mtu wa hapa. Alikuwa mama mmoja mwenye nywele fupi za mvi aliyezaliwa na kuzeekea huko huko Kiingereza kinakozaliwa.

Breki aliitwa wa kwanza. Alikaa dakika saba, akatoka akijipangusa uso kwa tai aliyoazima.

"Mwalimu, yule mama ananiuliza Siku ya Kiti wanaifanya mji gani. Nikamwambia miji yote. Akaniuliza mwezi gani. Nikamwambia inategemea." Alikaa, benchi likalia. "Akacheka, kisha akaacha kucheka. Anasema atakayemletea kiti tena, aondoke nacho."

Aliyefuata alikuwa Mama Stuli. Alikuwa amekaa mwisho wa korido juu ya stuli yake, ingawa benchi lilikuwa na nafasi, amevaa gauni alilopigia pasi hadi linasimama lenyewe, midomo ikienda: sentensi ya kumi, ya kumi na moja. Barua ya ruhusa ilikuwa imebakiza siku tisa. Mtihani mwingine ulikuwa baada ya miezi minne.

Asipomwambia, ataingia na kiti na atatolewa nacho. Akimwambia, ataingia mikono mitupu, kwa kuwa hana kingine kichwani. Mwalimu alipima hivi akapima vile, na kila upande ulikuwa shimo. Labda angekaa kimya, amwachie Mungu na mtahini. Alishakaa kimya miezi saba, na kimya hicho ndicho kilichowafikisha pale. Akapiga moyo konde, akaenda, akachuchumaa mbele ya ile stuli kama mtoto aliyeitwa kuchapwa.

"Mama, Siku ya Kiti niliitunga mimi."

Midomo ya Mama Stuli iliendelea kidogo, hadi mwisho wa sentensi, kisha ikasimama.

"Mkaguzi aliiona."

"Hakuiona. Alidanganya na yeye."

"Kwa hiyo hakuna kiti."

"Hakuna, mama."

"Na mwanangu hakuwahi kunitolea."

Mwalimu alitikisa kichwa. Alitaka kusema mengine, sababu, samahani, ushauri wa haraka, lakini Mama Stuli aliinua kiganja, kiganja kipana kilichokamua shuka za hospitali nzima, na maneno yakarudi yalikotoka. Wakati huo huo mlango ukafunguliwa, jina likaitwa. Mama Stuli akasimama. Kwa mara ya kwanza tangu wamfahamu, aliiacha stuli nyuma.

Juu ya ule mlango palikuwa na dirisha dogo lisilo na kioo. Mwalimu alisimama chini yake, Breki kando yake, wakasikia yote. Mtahini alisalimia. Mama Stuli akajibu kwa sauti ndogo. Akaulizwa jina, umri, kazi. Hayo yalikuwamo kwenye maboksi, akayatoa. Kisha likaja lenyewe: aeleze sikukuu moja ya watu wanaozungumza Kiingereza.

Kikapita kimya ambacho Breki baadaye alikuja kuapa kwamba ndani yake mtu angeweza kupakia lori na kulishusha. Mwalimu alifumba macho. Alijiona akienda kwenye simu, akimweleza binti mgonjwa kwamba mama yake haji, na sababu ni ubao.

Halafu sauti ya Mama Stuli ikatoka, kwa Kiingereza, na haikuwa sauti ya redio.

"Mimi sina sikukuu. Nilikuwa na moja. Mwalimu wangu ameichukua, sasa hivi, hapo nje."

Mtahini akauliza ana maana gani. Hapo ndipo bwawa lilipopasuka. Mama Stuli alisema mwalimu wake ni mwongo, tena mwongo hodari, na akaeleza uongo ulikuwaje, kiti, kitambaa, maji ya moto. Vitenzi vilikuwa vinatoka vimevaa nguo za wenzao, jana ikiitwa kesho, yeye akiitwa wao, lakini vilikuwa vinatoka, na kila kimoja kilijua kinakokwenda. Alisema kwa miezi saba aliamini mtoto wake anamwekea nafasi mlangoni. Alisema kila alipolala aliwaona wajukuu wakikipangusa kiti chake vumbi. Mtahini akauliza kuhusu wajukuu, akajibiwa. Akauliza kuhusu kazi yake ya zamani, swali ambalo halikuwa kwenye boksi lolote, na Mama Stuli akamweleza kwamba shuka ya mtu aliyepona na shuka ya mtu aliyekufa hufuliwa kwa maji yale yale, na kwamba yeye alikuwa anazijua kwa kuzishika, akamweleza na jinsi. Mtahini aliuliza, anaogopa nini. Akajibu kwamba anaogopa kufika baada ya shuka kubadilishwa.

Mwalimu aliyasikia hayo yote akiwa ameshika ukuta. Tangu aanze kushika chaki hajawahi kumsikia mwanafunzi wake akizungumza vile. Na kila sentensi nzuri iliyopita dirishani ilikuwa inamtaja yeye kwa ubaya.

Mama Stuli alipotoka, hakumtazama. Aliinamia stuli yake, akaiweka ubavuni, akatembea korido nzima mgongo wima, akapotea kwenye kona. Breki alimfuata kumsindikiza.

Mtahini akatokeza mlangoni, miwani mkononi, akauliza mwalimu wa kiti ni nani. Korido nzima hapakuwa na mwingine, lakini Mwalimu aliinua mkono kama mwanafunzi.

"Amefaulu," mtahini alisema. "Kazungumza dakika kumi na tisa, na mtihani ni wa dakika nane." Akavaa miwani. "Na wewe nitakuandikia wakubwa wako."

Akawaandikia kweli. Mkaguzi alipoulizwa alisema yeye tangu mwanzo aliitilia shaka, akaonyesha daftari lake, na ukurasa ule ulikuwa umechanwa. Ubao akapewa kijana. Mwalimu akashuka ngazi kumi na saba, akaomba kazi kwa mafundi cherehani, wakampa ya kushona vifungo. Wiki ya kwanza alipokuwa akitafuta mkasi, alikuta kwenye droo sura nzima ya sikukuu, sikukuu zote za kweli, na picha zake, zimekatwa umbo la kola za shati. Alizishika kwa muda, kisha akazirudisha, kwa kuwa zilikuwa zinatumika.

Mama Stuli aliondoka siku mbili kabla barua haijaisha. Hakumuaga. Mwalimu alisikia tu kwa Breki, kwamba stuli aliipigania hadi kwenye mizani ya uwanja wa ndege, na kwamba ilipita. Usiku na mchana, juu ya kila kifungo, Mwalimu alikuwa akisema moyoni yale maneno aliyozuiwa na kiganja, na hayakuwa na pa kwenda.

Miezi ikapita. Juu ya kichwa chake alisikia darasa la kijana likirudia sentensi, na mara nyingine alikuwa anasahihisha kimya kimya, sindano mdomoni.

Adhuhuri moja Breki akaingia karakana, hajacheka, hajatania fundi hata mmoja. Akageuza ndoo, akakaa mbele yake, akatoa simu.

"Mama Stuli kanitumia sauti. Ila ni yako."

Akabonyeza. Mashine zilikuwa zinanguruma, ikabidi Mwalimu ainame hadi shavu liguse kioo. Sauti ilikuwa ile ile, imechoka. Haikuanza kwa salamu.

"Breki mwanangu, mwambie Mwalimu nilifika shuka hazijabadilishwa. Nilikaa na mwanangu siku kumi na mbili. Siku ya kumi na tatu wakampasua, hakuamka." Hapo palikuwa na nafasi, na ndani yake mtoto alisema kitu kwa Kiingereza, na Mama Stuli akamjibu kwa Kiingereza, polepole, kama mtu anayefunga vifungo vya shati la mwingine. Kisha akarudi. "Watoto waliniuliza mama yao akirudi kidogo atakaa wapi. Sikuwa na la kuwaambia. Nikawaambia kuna siku moja, watu hutoa kiti. Leo tumetoa. Stuli yangu, ndiyo nzuri kuliko viti vyote humu. Ameshapita mtu wa barua, amekaa, wamemwita mama, ametoa habari, ameenda. Sasa wananiuliza kiti kinaingizwa ndani saa ngapi. Nimetafuta maboksi yote. Hilo Mwalimu hakutufundisha. Muulize, anijibu upesi, wako mlangoni hawataki kuingia."

Sauti ikakatika. Breki alitazama ndoo ya jirani, kisha viatu vyake.

Mwalimu alikuwa amekula kiapo, siku ile ile ya korido, kwamba hatatunga tena hata jina la paka. Alikaa na sindano ikiwa imetoboa nusu ya kitambaa. Fundi mmoja akamuuliza kama amejichoma. Mwalimu alikuwa anakitazama kiti mbele ya mlango asioujua, na watoto wawili kando yake, na siku inaisha huko.

"Mwandikie," alisema hatimaye. "Kinaingizwa mtoto mdogo kuliko wote akianza kupiga miayo. Na anakiingiza yeye, huku amebebwa."

Breki akaanza kuandika kwa kidole gumba kimoja. Katikati akasita, akainua macho.

"Hiyo ni ya kweli, Mwalimu, au ndiyo zile zako?"

"Andika, Breki. Watoto wako nje."